Mipira Kumi na Miwili ya Cyrus

Mwanahamisi hakubisha hodi. Mtu akikupigia simu mara nne ndani ya dakika kumi, heshima ya kubisha inakuwa imekwisha hukohuko kwenye simu.

"Kaa, madam," alisema Collins bila kumtazama. "Hii kesi imeisha. Nataka saini yako tu, basi."

"Imeisha vipi na mimi sijaianza?"

Collins alikuwa meneja wa shughuli wa kampuni, Mkenya mrefu wa mashati yaliyonyooshwa hadi ukosi, mtu wa kuchekacheka na wakubwa na kufokea wadogo. Kampuni yenyewe ilitoa walinzi na wasafishaji, na walinzi wake wakikosa, Mwanahamisi ndiye aliyekuwa mchunguzi wa ndani. Kabla ya Doha alikaa miaka kumi na minne idara ya upelelezi ya polisi kule Tanga. Huko alijifunza kumwogopa mtu anayekuletea kesi ikiwa imeshapikwa na kupakuliwa.

Mezani palikuwa na karatasi ya kumbukumbu za mlango, kofia nyekundu, pasipoti ya Kitanzania na tiketi ya ndege iliyochapwa. Pasipoti ilikuwa ya Athumani, mlinzi wa chumba cha vifaa.

"Saa tisa basi linampeleka uwanja wa ndege," Collins alisema. "Bila fomu yako HR hawatamwachilia. Weka saini, twende tuangalie mechi."

Mechi yenyewe ilikuwa jioni ileile, saa kumi na moja, hapohapo kwenye uwanja wa Lusail. Vyuo viwili vya Marekani, Harlow na Redfern, vimevuka bahari kuja kucheza ule mpira wao wa umbo la yai, wa helmeti na kuangushana. Mechi za namna hiyo za kufunga msimu wenyewe huziita bakuli, na hii wameibatiza Bakuli la Lulu. Kila timu huja na mipira yake yenyewe, na ikishambulia hutumia mipira hiyo tu. Asubuhi, saa mbili na dakika kumi, mtunza vifaa wa Harlow alifungua chumba chake akakuta mipira yake yote kumi na miwili imeharibiwa. Inateleza kama sabuni. Kijana wao wa kurusha alijaribu mara tatu, mara tatu ukamponyoka.

"Hujuma," Collins alisema, akaigonga karatasi kwa kidole. "Mlango umefunguliwa jana mara mbili, saa kumi na dakika tano na saa kumi na dakika hamsini. Kadi ni ya Athumani, hakuna mwingine. Na hii kofia ya Redfern tumeipata kwa begi yake. Amenunuliwa na hao wengine. Unataka nini tena?"

"Kumbukumbu za doria ziko wapi?"

"Za nini?"

"Collins, wee! Kila mlinzi hugusa kidude cha ukutani kila robo saa. Umeniletea za mlango, za doria umeziacha. Umezisahau au umezificha?"

"Madam, wacha mchezo. Nina wazungu wananipanda kichwani hapa."

Mwanahamisi aliichukua tiketi akaisoma juu hadi chini, kama alivyozoea kusoma kila karatasi, hata ya dawa. Kisha akaichukua pamoja na karatasi ya mlango, akatoka na mlango ukajibamiza nyuma yake. Ilikuwa saa nne na robo.

*

Athumani walikuwa wamemfungia kwenye chumba cha kubadilishia nguo cha walinzi, chini ya jukwaa la kaskazini. Kijana wa Lindi, mwembamba, miaka miwili kazini bila barua ya onyo. Walikuwa wamemvua sare, amebaki na fulana.

"Wamekupa chai?"

"Hapana, afande."

"Washenzi." Akatoa chupa ya maji kwenye mkoba wake, akamkabidhi. "Sasa sikiliza. Ukipandishwa ndege kwa hujuma, jina lako linaingia kwenye orodha. Hupati kazi Doha, wala Dubai, wala Maskati, mpaka unazeeka. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Mlango ulifungua wewe saa kumi na dakika tano?"

"Nilifungua."

"Ukaingia?"

Athumani aliigeuzageuza chupa mikononi.

"Athumani, nimeuliza uliingia?"

"Kadi ni yangu, afande."

"Sikuuliza kadi ya nani! Kadi haina miguu. Wewe mwenyewe, na mwili wako, uliingia mle ndani?"

"Andika niliingia."

Mwanahamisi alimtazama kwa hasira mpaka kijana akainamisha macho. Ameshawahoji wezi wengi. Mwizi hukuambia sikuingia hata ukimkuta ndani. Huyu anaomba aandikiwe, na anayeomba kuandikiwa kosa ana mtu nyuma ya mgongo wake.

"Na kofia?"

"Nilipewa."

"Na nani?"

"Walikuwa wanagawa tu."

"Unamficha nani?"

Athumani akanywa maji yote, kisha akafunga kizibo polepole.

Kwenye chumba cha mitambo, Mwanahamisi aliomba kumbukumbu za doria. Zilitoka ndani ya dakika mbili, tena bila shida yoyote, jambo lililomkera zaidi, maana Collins angeweza kuzipata kwa kuomba tu. Jana Athumani aligusa kidude cha mwisho wa korido saa kumi na robo, saa kumi na nusu na saa kumi na dakika arobaini na tano. Hakukosa hata mara moja. Kutoka hapo hadi chumba cha vifaa Mwanahamisi alihesabu hatua themanini na tatu.

Mipira kumi na miwili haiharibiki kwa mtu anayekwenda na kurudi korido nzima kila robo saa. Athumani alimfungulia mtu saa kumi na dakika tano, akamfungulia tena kutoka. Mtu huyo alikaa ndani dakika arobaini na tano akifanya kazi.

*

Mtunza vifaa wa Harlow aliitwa Cyrus. Mzee wa miaka sitini hivi, mapaja makubwa, uso mwekundu, na alikuwa amekaa juu ya sanduku akiutazama mpira mmoja kama mtu aliyefiwa. Mwanahamisi alizungumza naye kwa Kiingereza.

"Nimeisugua tangu mwezi wa nane," Cyrus alisema. "Kila siku. Brashi, kisha tope, kisha unaiacha ikauke, kisha mkono mtupu. Unajua ngozi mpya inavyoteleza? Kijana wangu anataka ishike. Tulifika hapa ikiwa inashika kama mkono wa ndugu. Sasa tazama huu upuuzi!"

Akamrushia. Mwanahamisi aliudaka, ukamtoka, ukadunda ovyo ukapiga kabati. Aliuokota akaunusa. Cyrus akakunja uso.

"Unanusa nini?"

"Ulipofungua mlango ulikuta mipira imekaaje? Tafadhali, kila kitu."

"Nilipiga picha." Akatoa simu.

Mwanahamisi aliikuza picha kwa vidole. Mipira ilikuwa imepangwa rafuni mistari miwili, sita kwa sita, nyuzi zote zimeelekea juu, majina ya chuo yote yametazama mlangoni. Chini ya kila mstari kulikuwa na taulo jeupe, na pembe ya mbele ya kila taulo imekunjwa pembetatu, safi, kama ncha ya karatasi ya choo kwenye hoteli za nyota tano.

Kha! Akajikuta amecheka kwa hasira.

"Kuna nini cha kuchekesha?" Cyrus alifoka.

"Bwana Cyrus, mtu akija kukuharibia, atakupangia? Atakukunjia taulo?"

Mzee alichukua simu yake akaitazama picha upya.

"Nusa tena," Mwanahamisi alisema. "Hiyo ni sabuni yetu ya ndimu. Na huu mng'aro ni ile dawa ya viti vya ngozi tunayopaka sehemu ya wageni maalumu. Mtu aliiona mipira yako imejaa tope, akaihurumia, akaiosha, akaipaka dawa. Hakuna aliyekuhujumu. Umesafishiwa."

"Lakini nani angeosha..." Cyrus aliinuka. "Mtu yeyote anajua kwamba mipira ya mechi haiguswi!"

"Yeyote wa kwenu. Huku kwetu kitu chenye tope ni kichafu, na kichafu huoshwa." Akageuka kwenye fomu iliyobandikwa nyuma ya mlango. "Hii saini ni yako? Hapa wamekuuliza usafi wa chumba, ukaweka alama kila siku. Mahali pa kuandika visivyoguswa umepaacha wazi."

Cyrus alisoma fomu yake mwenyewe kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Nataka kumjua aliyefanya," hatimaye alisema, sauti imeshuka.

"Hata mimi," alisema Mwanahamisi. "Njoo ofisini kwa meneja saa nane na nusu. Mipira ya akiba unayo?"

"Minne. Na brashi." Alikuwa ameshaanza kukunja mikono ya shati.

*

Sasa swali lilikuwa msafishaji gani. Kadi za wasafishaji zilikuwa hazifanyi kazi tangu mwezi wa kumi. Kampuni iliahidi mpya, na mpya hazikuja, kwa hiyo walinzi huwafungulia wenzao wa usafi kwa kadi zao. Kila mtu alijua, na kila mtu alijua pia kwamba ukikamatwa ndani bila kadi yako unarudishwa kwenu. Hilo ndilo lililomfunga mdomo Athumani. Kijana anakubali kufukuzwa Ghuba nzima kwa sababu ya adabu yake.

Aliwakuta wasafishaji watano kivulini karibu na geti la mabasi, wanakula wali kwenye makopo. Watatu kati yao walivaa kofia nyekundu za Redfern, sawasawa na ile ya mezani kwa Collins.

"Hizi mmezitoa wapi?"

"Si hao watu wa Redfern walitupa juzi," alijibu Jeptoo, msichana wa Eldoret aliyekuwa kiongozi wa zamu. "Walikuja na katoni nzima. Hata madereva wako nazo. Kwani iko shida, madam?"

"Hakuna. Jana nani alisafisha chumba cha vifaa cha Harlow?"

Vijiko vikasimama. Jeptoo akatazama wenzake, kisha akanyanyuka akamvuta Mwanahamisi pembeni, nyuma ya mapipa ya taka.

"Aki madam, usinichome. Usiseme ni mimi nimekuambia."

"Nikuchome kwa nini? Sema."

"Ni mama Time. Lakini hayuko. Leo asubuhi Collins amemtoa hapa mbio, amempeleka kusafisha nyumba za watu kule mtaa wa Al Wukair. Ati asiongee na mtu. Na amemtoa kwa grupu."

"Grupu lipi?"

Jeptoo akatoa simu. Wasafishaji wote, wasimamizi wao na Collins walikuwa kwenye kundi moja la WhatsApp. Kazi yao ilikuwa hivyo kila siku: kabla ya kusafisha unapiga picha, ukimaliza unapiga nyingine, zote unazituma, vinginevyo inahesabika hukufanya kazi. Mwanahamisi alipandisha ujumbe wa jana. Saa kumi na dakika nane: ujumbe umefutwa na msimamizi wa kundi. Saa kumi na dakika arobaini na nane: ujumbe umefutwa na msimamizi wa kundi. Na leo, saa moja na dakika kumi na mbili asubuhi: Collins amemwondoa Time.

"Picha zilizofutwa ulikuwa umeziona?"

"Simu yangu huweka picha zote yenyewe." Jeptoo akafungua albamu. Mipira kumi na miwili ya kahawia, ina tope. Mipira kumi na miwili inayong'aa, imepangwa, taulo zimekunjwa. "Collins mwenyewe alijibu 'Safi sana, mama,' na kidole gumba. Hiyo pia amefuta."

"Na Time alijuaje kwamba aoshe mipira? Aliamua mwenyewe?"

"Wapi! Collins alinitumia sauti kwa grupu. Mama Time bando lake huisha, hafungui grupu kila saa, na kusoma kwake ni kwa shida. Kwa hivyo mimi humtumia sauti kwake yeye mwenyewe, anaisikiliza akipata mtandao." Akatelezesha kidole kwenye simu. "Ya grupu amefuta. Hii niliyomtumia mama bado iko."

Akaibonyeza. Sauti ya Collins ikatoka, ina haraka na dharau:

"Jeptoo, sikiza. Hiyo stoo ya Harlow nimeiona saa hii, ni aibu. Mipira imejaa matope. Mwambie huyo mama Time aingie na kadi ya askari wa hapo, aoshe yote, apake ile dawa ya viti, ing'ae. Sitaki wazungu waseme sisi ni wachafu."

Mwanahamisi aliisikiliza mara mbili.

"Leo asubuhi kabla ya saa moja na robo, Collins alikuwa wapi?"

"Hapa getini. Redfern walikuwa wanashusha vitu vyao. Akaona mipira yao pia ni ya matope, akawauliza kwa nini chafu. Mzungu mmoja akacheka, akamwambia inapakwa makusudi ndio ishike. Madam, Collins alibadilika rangi. Hata hakuaga."

Mwanahamisi akatoa tiketi ya Athumani mkobani. Imetolewa saa moja na dakika ishirini asubuhi. Cyrus aligundua mipira yake saa mbili na dakika kumi. Collins alimkatia mwizi tiketi dakika hamsini kabla mwenye mali hajajua kwamba kuna kitu.

"Nitumie zote. Picha na sauti. Halafu nipigie Time."

Time alipokea kwa kunong'ona, maji yakichuruzika nyuma yake. Alikuwa mama wa makamo, mtu wa Mtwara, miaka saba hotelini kabla ya kampuni hii.

"Shikamoo mama. Mwanahamisi hapa, wa uchunguzi."

"Marahaba mwanangu. Ni ile mipira?"

"Ndiyo mama."

"Nilijua. Nilipotolewa mbio nikajua nimeharibu kitu. Lakini nimeharibu nini, mwanangu? Nimesugua mpaka kucha zimeuma! Nikaipanga vizuri!"

"Hujaharibu. Ulitumwa. Ila Athumani wanamrudisha leo kwa ajili ya mipira hiyo."

Maji yalifungwa.

"Athumani hakugusa hata mmoja," Time alisema, na sasa hakunong'ona. "Alinifungulia tu. Waambie ni mimi. Mimi nimeshakula chumvi, nikirudi nimerudi. Yule mtoto asirudishwe kwa mikono yangu. Nakuja hapo sasa hivi."

"Usije, mama. Endelea na kazi yako. Ukija watakushika wewe, halafu aliyewatuma atakula chakula cha mchana kwa raha zake."

*

Saa nane na nusu Cyrus alikuwa ameshakaa ofisini, viganja vimejaa tope. Collins alikuwa amemwagizia kahawa. Mwanahamisi alifunga mlango, akaweka mezani ripoti yake, kumbukumbu za doria, picha mbili alizozichapa na tiketi, moja baada ya nyingine, akieleza kila karatasi kwa Kiingereza. Collins alisikiliza akitikisa kichwa kama anayekubali.

"Sawa," alisema kwa Kiingereza. "Basi ni msafishaji. Ni mfanyakazi wetu mmoja mama, hajui kitu. Bwana Cyrus, nakuomba radhi. Ataondoka leo badala ya mlinzi."

Rahisi hivyo! Kama mtu anayebadilisha soda dukani.

Mwanahamisi aliweka simu katikati ya meza, akabonyeza. Sauti ya Collins ikajaa ofisi: stoo ni aibu, kadi ya askari, aoshe yote, apake dawa, ing'ae. Cyrus aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Alitambua sauti, maneno hakuyaelewa.

Collins aliinama mbele na kuongea Kiswahili, laini, na tabasamu la kumlaghai mgeni.

"Madam, huyu hasikii hata neno moja. Mwambie ni mambo ya ofisi. Na ukumbuke mkataba wako unaisha mwezi ujao na nani anausaini. Utarudi Tanga kuuza maandazi, na hao wawili wako nitawatoa tu."

"Amesema nini?" Cyrus aliuliza.

Mwanahamisi alivuta kiti, akakaa. Alifikiria mkataba wake kwa muda mfupi sana. Kisha akaanza kutafsiri. Alitafsiri sauti ya simu sentensi kwa sentensi, bila kuongeza wala kupunguza kitu, ila jina la msafishaji. Alipomaliza hakuishia hapo. Alitafsiri na haya ya sasa hivi: hasikii hata neno moja, mambo ya ofisi, mkataba, maandazi, nitawatoa tu.

Tabasamu la Collins lilibaki pale usoni kwa muda, halina kazi.

Cyrus hakupiga kelele. Alisukuma kahawa pembeni, akasema malalamiko yake dhidi ya mlinzi anayafuta, dhidi ya msafishaji hakuwahi kuwa nayo, na kwamba sasa ana lalamiko moja tu, na atalipeleka mwenyewe kwa waandaaji wa mechi kabla timu haijaanza kuvaa. Akaomba kalamu. Alipotia saini kwenye ripoti ya Mwanahamisi, tope lilibaki kwenye karatasi.

"Mpigie dereva," Mwanahamisi alimwambia Collins.

"Madam, tunaweza ongea..."

"Mpigie dereva! Saa tisa kasoro dakika nne, na umeshampandisha basi bila saini yangu. Nataka nisikie wewe, kwa mdomo wako, ukimwambia amshushe."

Collins alipiga. Ilibidi arudie mara mbili, kwa kuwa sauti haikutoka vizuri.

*

Basi lilikuwa limeshatoka getini. Lilisimama kando ya barabara, mlango ukafunguka, Athumani akashuka na begi lake moja. Mwanahamisi alimfuata mbiombio, pasipoti na ripoti mkononi. Alitegemea shukrani, au angalau tabasamu. Kijana alikuwa amekunja uso.

"Umemtaja?"

"Nimemtaja aliyeamuru."

"Mimi nakuuliza yeye! Umemtaja bi Time? Mimi nimekaa kimya tangu asubuhi, wamenivua nguo, wameniita mwizi, halafu wewe uende ukamtaje? Si bora ungeniacha niende!"

"Soma," Mwanahamisi alisema, akampa ripoti.

Athumani aliweka begi chini. Alisoma huku kidole kinatembea chini ya mstari, ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Palipostahili jina paliandikwa msafishaji wa zamu, kwa amri ya meneja. Alifika kwenye saini ya Cyrus na saini ya Mwanahamisi, akarudi ukurasa wa kwanza akaanza upya, akilitafuta lile jina. Mara ya pili alipofika mwisho alikaa kwenye ukingo wa barabara na fulana yake, akafunika uso kwa zile karatasi, na mabega yakaanza kumtikisika. Dereva wa basi alipiga honi kuuliza aendelee au asubiri.

"Nenda!" Mwanahamisi alimpigia kelele. "Nenda zako, hakuna anayesafiri hapa!"